Fedha zimetumika zote. Je, zimefika?

Na Mwandishi Wetu wa Masuala ya Kanda

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado mgeni katika kazi hii, nilitumwa kuripoti kikao cha baraza la madiwani katika halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa, Tanzania. Ajenda kuu ilikuwa taarifa ya mapato na matumizi ya mwaka. Mweka hazina alisimama, akasoma tarakimu zake kwa sauti ya mtu aliyezoea kutosikilizwa, kisha akafika mahali palipomfanya mwenyekiti atabasamu: halmashauri ilikuwa imetumia karibu fedha zote za maendeleo ilizopokea. Madiwani wakapiga makofi. Nami nikawa nimepata kichwa cha habari. Siku ya pili habari ilitoka, ikiisifu halmashauri ile kwa ufanisi.

Asubuhi hiyo simu yangu iliita. Alikuwa dada mmoja niliyefahamiana naye chuoni, aliyenitangulia miaka mitatu. Wakati huo alikuwa mtakwimu katika kitengo cha serikali kinachochambua matumizi ya halmashauri.

“Mdogo wangu, nimesoma habari yako,” alisema. “Umeandika kwamba wametumia. Hujaandika wamepata nini.”

Nikajitetea kwamba nilikuwa nimeandika kilichosemwa kikaoni.

“Najua. Lakini hata mimi nikienda sokoni na laki moja naweza kurudi sina hata senti. Mama akiniuliza kikapu kiko wapi, nitamjibu nini?”

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo, kila ninapopokea taarifa ya halmashauri, kaunti au wilaya yoyote katika nchi zetu, swali la kikapu hunijia kwanza. Na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuona kwamba watu wanaolijibu kwa niaba yetu ni wachache, hawaonekani, na kazi yao haijulikani vizuri hata na sisi tunaonukuu tarakimu zao.

VIPIMO VITATU VINAVYOCHANGANYWA

Mwaka wa fedha wa nchi nyingi za Afrika Mashariki huanza Julai 1 na kufungwa Juni 30. Baada ya hapo taarifa za matumizi ya serikali za mitaa huanza kumiminika, na ndani yake mna vipimo vitatu ambavyo mara nyingi huchukuliwa kama kimoja.

Kipimo cha kwanza ni kiasi kilichotumika. Nchini Kenya, Ofisi ya Msimamizi wa Bajeti, iliyoundwa kwa Kifungu cha 228 cha Katiba ya 2010, hutoa taarifa za mara kwa mara kuhusu jinsi kaunti zote 47 zinavyotekeleza bajeti zao. Huko utakuta asilimia ya bajeti iliyotumika, kiasi kilichokwenda kwenye mishahara na kiasi kilichokwenda kwenye maendeleo. Ni taarifa muhimu, kwa sababu sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inazitaka kaunti zitenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo. Kaunti iliyotumia sehemu ndogo ya fungu hilo ina maswali ya kujibu. Hata hivyo, kaunti iliyolimaliza lote haijathibitisha lolote ila kwamba fedha zimetoka.

Kipimo cha pili ni hati ya ukaguzi. Tanzania tumezoea kusikia halmashauri zikijivunia “hati safi” kila ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, inapowasilishwa bungeni. Hati inayoridhisha maana yake ni kwamba hesabu zimeandaliwa kwa kufuata viwango na zinatoa picha ya kweli ya fedha zilizoingia na kutoka. Haisemi kwamba zahanati iliyojengwa ina mganga, wala kwamba bei ya saruji ilikuwa ya haki. Halmashauri inaweza kununua kitu kisichohitajika, ikafuata taratibu zote za ununuzi, ikatunza kila stakabadhi, na ikapata hati safi. Ndiyo maana CAG hufanya pia ukaguzi wa aina nyingine, ukaguzi wa ufanisi, unaouliza kama fedha zilileta kilichokusudiwa.

Kipimo cha tatu ndicho cha kikapu: kwa kila shilingi au faranga iliyotolewa, mwananchi amepata nini? Hicho ndicho kinachompa mtakwimu usingizi wa mang’amung’amu.

KAZI ILIYO MEZANI

Tuseme mtakwimu ameambiwa alinganishe halmashauri 20 katika matumizi ya elimu ya msingi. Mtu wa nje hudhani kazi hiyo ni kugawanya: chukua fedha, gawa kwa idadi ya wanafunzi, panga kutoka juu hadi chini, ondoka. Ukweli ni kwamba wiki za kwanza huisha kabla hajagawanya chochote.

Orodha ya hazina inasema shule fulani inaitwa Mtakuja. Orodha ya halmashauri ina Mtakuja A na Mtakuja B. Orodha ya idara ya elimu ina Mtakuja peke yake lakini katika kata nyingine. Ni shule moja, mbili au tatu? Asipouliza, mgawo wa shule moja utahesabiwa mara mbili na mwingine utapotea, kisha mtu asiye na hatia ataulizwa fedha zimekwenda wapi.

Kuna suala la tarehe pia. Fedha zilizotoka hazina siku za mwisho za Juni zinaweza kuonekana kwenye akaunti ya halmashauri Julai, mwaka mwingine wa fedha. Katika vitabu vya mtumaji ni za mwaka uliopita, katika vitabu vya mpokeaji ni za mwaka huu. Mtu mwenye haraka ataona pengo na kupiga kelele kuwa fedha zimeliwa. Mtakwimu mzuri atatulia kwanza, afuate tarehe, na pengo linaweza kuziba lenyewe. Au lisizibe, na hapo ndipo anapokuwa na jambo la kusema.

Dada yule aliwahi kuniambia kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ni kupiga simu kwa walimu wakuu na wahasibu, akiuliza maswali yanayoonekana ya kijinga. Na kwamba anayeona aibu kuuliza maswali ya kijinga hataiweza kazi ile.

UGANDA WALIPOAMUA KUFUATA FEDHA

Mfano mkubwa wa kazi hii ulifanyika katika ukanda wetu, na hadi leo husomwa katika vyuo vikuu duniani. Ni wa Uganda, katika miaka ya 1990.

Serikali ilikuwa ikiongeza bajeti ya elimu ya msingi, lakini takwimu rasmi zilionyesha kuwa idadi ya wanafunzi imedumaa. Jambo hilo halikuingia akilini. Mwaka 1996 ukafanyika uchunguzi uliotembelea shule 250 za serikali katika karibu nusu ya wilaya za nchi hiyo. Watafiti walilinganisha kile ambacho serikali kuu ilisema imekituma na kile kilichoandikwa kwenye vitabu vya shule zenyewe.

Waliangalia hasa ruzuku inayotolewa kwa kila mwanafunzi, ile ya kununulia vitabu, chaki na mahitaji mengine yasiyo mishahara. Fedha hizo zilikuwa zikipitia ofisi za wilaya. Kati ya 1991 na 1995, kwa wastani, shule zilipokea asilimia 13 tu ya ruzuku hiyo. Wastani huo wenyewe ulificha jambo baya zaidi, kwani shule nyingi hazikupata chochote. Na walioumia zaidi walikuwa maskini: shule zilizo katika jamii zenye uwezo zilipata zaidi, kwa kuwa wazazi na walimu wa huko walijua namna ya kudai.

Uchunguzi huo uligundua jambo jingine ambalo husahaulika. Idadi ya wanafunzi haikuwa imedumaa. Watoto walikuwa wameongezeka sana. Takwimu rasmi ndizo zilizobaki nyuma. Kwa hiyo serikali ilikuwa na tarakimu mbili kuu mezani, ya fedha zilizotumwa na ya wanafunzi waliopo, na zote mbili zilikuwa zikidanganya kuhusu kilichokuwa kikitokea darasani. Hakuna hesabu ya ufanisi ambayo ingetoka salama humo, hata ingefanywa na mtaalamu wa namna gani.

Kwa nini hakuna aliyelalamika miaka yote hiyo? Mwalimu anajua mshahara wake. Usipofika mwisho wa mwezi, anajua, na mwenye duba anayemdai anajua pia. Lakini ni mwalimu mkuu gani wa kijijini aliyejua kwamba shule yake inastahili kiasi fulani kwa kila mtoto, na kwamba kilitoka Kampala wiki iliyopita? Huwezi kudai usichojua kuwa ni chako.

MWALIMU ALIYE KARIBU NA MUUZA MAGAZETI

Serikali ya Uganda haikuyafungia matokeo hayo kabatini. Ilianza kuchapisha magazetini, yakiwemo ya lugha za wenyeji, kiasi cha ruzuku kilichotumwa kwa kila wilaya, na redioni kikatangazwa. Shule nazo zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea, ili mzazi yeyote apite asome. Wakati huohuo, mwaka 1997, nchi ilianza kutoa elimu ya msingi bila malipo, na idadi ya wanafunzi ikaruka kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5.

Uchunguzi uliporudiwa, ilionekana kwamba kufikia 2001 shule zilikuwa zikipata, kwa wastani, zaidi ya asilimia 80 ya ruzuku yao.

Wachumi wawili, Ritva Reinikka na Jakob Svensson, walitaka kujua kama magazeti kweli yalikuwa na mchango. Njia waliyoitumia ni rahisi kueleweka: walipima umbali kutoka kila shule hadi mahali gazeti linapouzwa. Wakaona kwamba walimu wakuu waliokuwa karibu na muuza magazeti walizifahamu zaidi kanuni za ruzuku na wakati inapotolewa. Shule zao pia ndizo zilizopata nafuu kubwa zaidi baada ya kampeni kuanza. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2005.

Nakiri kwamba mimi kama mwandishi wa habari hupenda sana kuisimulia hadithi hii, na ndiyo sababu napaswa kuwa mwangalifu nayo. Mwaka 2007 mtafiti mwingine, Paul Hubbard, aliandika kwamba magazeti hayastahili sifa zote. Katika miaka ileile Uganda ilikuwa ikifanya mageuzi mengine mengi: jinsi fedha zinavyotumwa wilayani, masharti yanayoambatana nazo, na ufuatiliaji wa serikali kuu na wafadhili. Ukiwa na dawa tano ndani ya kikombe kimoja, ni vigumu kusema ni ipi iliyomponya mgonjwa.

Kwangu mimi, pingamizi hilo linaifanya hadithi iwe ya kweli zaidi. Tangazo la gazeti peke yake lisingefua dafu kama hazina isingebadili utaratibu wake. Na utaratibu mpya usingedumu kama hakuna mtu mwisho wa njia anayejua cha kusubiri. Tanzania nayo, elimu bila ada ilipoanza 2016, sehemu ya ruzuku ya shule ilianza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za shule badala ya kukaa halmashauri. Kila kituo kinachoondolewa njiani ni mahali pamoja pungufu ambapo fedha zinaweza kupumzika na kusahau zilikokuwa zikienda.

MIZANI ISIYOPUNJA

Hadi hapa nimezungumzia fedha zisizofika. Kuna jambo jingine linalowagombanisha watakwimu na viongozi wa mitaa: fedha zimefika na zimetumika kwa uaminifu, lakini halmashauri moja imepata mengi na nyingine machache. Je, ya pili ni zembe?

Chukua kaunti mbili za Kenya. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Vihiga ilikuwa na wastani wa watu 1,047 katika kila kilomita ya mraba. Marsabit ilikuwa na watu 6. Zahanati moja ya Vihiga inaweza kuhudumia maelfu ya watu wanaofika kwa miguu. Huko Marsabit, kuwafikia watu wachache kunahitaji gari, mafuta, dereva na siku nzima barabarani. Ukigawanya gharama kwa idadi ya wagonjwa tu, Marsabit itaonekana inafuja, na anayesoma jedwali hilo Nairobi anaweza kuamua ipunguziwe fedha. Kosa la kugawanya huishia kwa mama mjamzito asiyefikiwa na gari.

Wakenya walilipitia jambo hili hadharani. Mwaka 2020 Seneti ilikwama kwa muda mrefu ikijadili fomula ya kugawa fedha kwa kaunti, vikao vikaahirishwa mara kwa mara. Upande mmoja ulidai uzito mkubwa upewe idadi ya watu, kwa kaulimbiu ya mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Upande wa kaunti kame ulijibu kwamba barabara hazijengwi kwa kuhesabu vichwa. Septemba mwaka huo ikapatikana fomula iliyochanganya mambo kadhaa, yakiwemo idadi ya watu, umaskini, ukubwa wa eneo, afya na barabara. Mabishano yalionekana ya kisiasa, na kweli yalikuwa ya kisiasa, lakini kiini chake ni swali ambalo kila mtakwimu hukutana nalo: unagawanya kwa nini?

Tanzania ina mfano wake. Mwaka 2021 serikali ilipata mkopo wa takriban shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kukabiliana na athari za Uviko-19. Sehemu yake ilijenga madarasa 15,000, na kiwango kilichotajwa kilikuwa shilingi milioni 20 kwa darasa. Bei moja kwa wote ina faida yake. Inazuia mtu kuandika milioni 45 kwa darasa la milioni 20, na inampa diwani na mwananchi namba rahisi ya kuikumbuka. Lakini fikiria shule iliyo kando ya barabara Mwanza mjini, na shule iliyo kisiwani katika wilaya ya Ukerewe, ambako mfuko wa saruji lazima upande chombo cha majini. Milioni 20 si zilezile. Halmashauri ya kisiwani ikimaliza kwa bei hiyo, ama imefanya kazi nzuri kuliko ya mjini, ama wananchi wamechangia nguvu zao bila malipo, ama kuna kitu kimepunguzwa kwenye zege. Jedwali halitakwambia ni lipi. Lazima mtu aende akaone.

Watakwimu wana njia ya kupunguza dhuluma hii. Badala ya kushindanisha halmashauri zote kwa mstari mmoja, wanatafuta zinazofanana kwa mazingira, umaskini na umbali, kisha wanauliza: kati ya hizi zilizo katika hali moja, ipi imepata zaidi kwa fedha zilezile? Hiyo ndiyo inakuwa kioo cha wenzake. Wazo hilo liliwekwa katika hesabu na mwanauchumi wa Uingereza, Michael Farrell, mwaka 1957, na hadi leo hutumika kupima hospitali, shule na serikali za mitaa. Kwa lugha ya nyumbani, ni kama kusema usimlinganishe mpishi mwenye jiko la gesi na mwenye kuni mbichi. Mlinganishe na jirani yake anayetumia kuni mbichi kama yeye.

KIPIMO KIKISHAJULIKANA

Kuna mtego mmoja zaidi. Watu wakijua watapimwa kwa namba fulani, wataitafuta namba hiyo, hata kama jambo lililokusudiwa litaachwa nyuma. Ukipima asilimia ya fedha zilizotumika, Juni itajaa semina na ununuzi wa haraka. Ukipima idadi ya majengo, yatajengwa majengo. Ukipima wanaoandikishwa shule, wataandikishwa, na wengine watabaki kwenye daftari hata baada ya kuacha shule, kwa kuwa kila jina lina ruzuku yake.

Rwanda imeishi na jambo hili tangu 2006, ilipoanza kutumia imihigo, utaratibu wenye mizizi katika desturi ya mtu kuweka nadhiri mbele ya watu. Mameya wa wilaya husaini ahadi za mwaka mbele ya Rais, na baadaye wilaya hupangwa kwa matokeo na kutangazwa. Ni shinikizo kubwa, na limesogeza mambo. Lakini shinikizo kubwa humfanya mtu atamani kuripoti vizuri kuliko kufanya vizuri. Ndiyo maana ni muhimu kwamba tathmini hiyo imewahi kukabidhiwa Taasisi ya Taifa ya Takwimu, chombo ambacho kazi yake ni kuhesabu na ambacho hakikuweka ahadi yoyote ya kutimiza.

Hapo ndipo ilipo nafasi ngumu ya mtakwimu wa serikali. Analipwa na serikali kuipima serikali. Akitoa namba ya kuipendeza, hakuna atakayemwuliza. Akitoa isiyopendeza, ataulizwa kama sampuli yake ilitosha, kama tarehe zake ni sahihi, kama Mtakuja A kweli ipo. Kazi ile ya wiki za kwanza, ile ya kupiga simu na kuuliza maswali ya kijinga, ndiyo ngao yake siku hiyo.

BAADA YA FEDHA KUFIKA

Tukirudi Uganda: ruzuku ilianza kufika, madarasa yakajaa. Je, watoto walijifunza? Swali hilo lilikuwa nje ya uchunguzi wa kwanza. Mwaka 2009 mpango wa Uwezo ulianza katika Kenya, Tanzania na Uganda, ukiwatuma watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba kuwapa watoto majaribio mafupi ya kusoma na kuhesabu ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka baada ya mwaka, katika nchi zote tatu, wamekutwa watoto wengi wa madarasa ya juu wasioweza kusoma hadithi fupi ya kiwango hicho.

Hiyo haina maana kwamba kufuatilia fedha kulikuwa bure. Fedha zisipofika, hakuna chaki. Zikifika, chaki ipo, lakini bado lazima mwalimu awepo, awe amelala vizuri, na awe anajua anachofundisha. Kila mara mtakwimu anapofika mwisho wa njia, anakuta njia inaendelea: kutoka hazina hadi wilayani, kutoka wilayani hadi shuleni, kutoka akaunti ya shule hadi dawati, na kutoka dawatini hadi kwenye kichwa cha mtoto. Kipande cha mwisho ndicho kigumu kuliko vyote kukipima, na ndicho tulichokuwa tukikinunua.

MASWALI YA KWENDA NAYO KIKAONI

Vikao vya bajeti vya mitaa viko wazi kwa wananchi kwa namna mbalimbali katika nchi zetu. Wengi wetu hatuendi kwa sababu tunaamini tarakimu ni za wataalamu. Baada ya miaka ya kuwasikiliza wataalamu hao, naona maswali wanayoyauliza wao hata bibi wa kijijini anaweza kuyauliza.

Asilimia hiyo mnayoitaja ni ya nini: ya bajeti iliyopitishwa, au ya fedha zilizopokelewa kweli? Halmashauri iliyopokea nusu ya bajeti na kutumia yote inaweza kusema imetumia asilimia 100, na haidanganyi. Fedha za shule yetu ziliingia tarehe gani, na ni kiasi gani kwa kila mtoto? Orodha imebandikwa wapi? Halmashauri inayofanana na yetu imejenga kwa bei gani? Jengo lililokamilika linatumika? Na mwaka jana mliahidi nini katika kikao hikihiki?

Dada yule wa takwimu bado tunawasiliana. Mwaka huu, bajeti zilipofungwa, nilimtumia rasimu ya habari yangu kabla ya kuipeleka kwa mhariri. Ilikuwa na asilimia tano, na nilikuwa nimejiridhisha kwamba zote zimeelezwa. Alinijibu kwa ujumbe mfupi: “Nzuri. Lakini ya tatu ni ya bajeti au ya zilizopokelewa?”

Nilikuwa nimesahau kuuliza. Nikainua simu, nikampigia mhasibu wa halmashauri husika. Alishangaa kidogo. Akaniambia mimi ni mwandishi wa kwanza kumwuliza hilo, akaomba nimpe dakika kumi afungue leja.